Usitathmini afya ya kijiji ukiwa umekaa zahanati

Hii ni kwa manesi wenzangu, hasa nyie mnaopangiwa zahanati za vijijini kwa mara ya kwanza halafu mnaambiwa mlete taarifa ya mahitaji ya afya ya jamii. Anza na MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, sawa, fungua kile kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje uone magonjwa gani yanaongoza, umri gani, vitongoji gani. Ila kumbuka kitabu kinakuonyesha aliyekuja tu. Ukiona kuna kitongoji hakitokei kabisa, au wanakuja kina mama na watoto tu wanaume hamna, basi kazi yako inaanzia hapo.

Mi nimefanya kazi Ukerewe, kule visiwani Ziwa Victoria, zahanati yetu ilikuwa inahudumia na mwalo, yaani pale mitumbwi inapotia nanga, wa wavuvi wa dagaa. Sasa wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani jioni na taa zao wanarudi alfajiri, mchana wamelala, ukiitisha mkutano saa nne asubuhi utaongea na nani? Subiri mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti dagaa vizuri kwahiyo wengi wanapumzika, unawakuta wanashona nyavu, wanacheza drafti, na hapo mtu anakaa na wewe anakueleza mpaka mambo ya VVU ambayo zahanati asingeyataja. Na usiende kichwakichwa, pitia kwa mtendaji, mwenyekiti wa kitongoji na viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi pale mwaloni), ongozana na mhudumu wa afya ngazi ya jamii maana yeye anajulikana kila nyumba.

Halafu watu wa mwalo wanahama wakifuata dagaa. Idadi uliyonayo ofisini imetokana na sensa ya 2022 na makadirio yake, unaweza kukuta watoto uliowachanja wamezidi lengo, miezi michache baadaye hamna watu. Kwahiyo hesabu kaya mwenyewe, na uandike umehesabu msimu gani.

Kuhusu kichocho ndo nasisitiza sana jamani. Usiulize tu "mna shida ya kichocho?", uliza maji mnachota wapi, mnafua wapi, watoto wanaogelea wapi, kisha nenda ukasimame palepale. Utamkuta mama anasugua sufuria maji yamefika magotini, watoto wanaruka pembeni yake, na kwenye majani ya ukingoni konokono wamejaa, hao ndo wanaobeba vimelea vya kichocho, na vile vimelea vikitoka majini vinapenya kwenye ngozi hivyo hata asiyekunywa yale maji anaambukizwa. Kingatiba ya prazikwanteli, yaani dawa ya kichocho inayogawiwa kwa watu wengi kwa pamoja bila kumpima kila mmoja, kwa miaka mingi imelenga zaidi watoto wa shule, mvuvi anayeshinda majini anabaki. WHO mwaka 2022 walishapendekeza kwamba penye maambukizi ya asilimia 10 na kuendelea wapewe wote kuanzia miaka 2, kwahiyo ukiandika kwamba watu wazima wanahitaji dawa una pa kusimamia.

Ukisikia watu wanakataa jambo uliza sababu mpaka mwisho. Vidonge vya kichocho wengi wanavikataa kwa sababu waliwahi kumeza na njaa wakatapika, wakasikia kizunguzungu, basi hapo hitaji ni dawa itolewe watu wakishakula, elimu peke yake haitoshi. Vyoo vilevile. Mama mmoja anayeanika dagaa aliniambia, "Mwanangu, choo tunakitaka, ila hapa ni mchanga mtupu, ukichimba kinabomoka." Huyo anahitaji fundi wa kujengea shimo, na ndivyo nilivyoandika.

Ukimaliza rudisha matokeo kwenye mkutano wa kijiji, wenyewe waseme kipi kianze, hata kama chaguo lao sio la kwako. Alafu yapitishe kwenye kamati ya zahanati mapema, mwaka wa fedha unaanza Julai 1 lakini mipango inapangwa miezi mingi kabla, taarifa ukiipeleka Mei hela zimeshagawanywa.