Elafini yangu haizuii tripsini: kichupa kimeharibikia njiani?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili hapa Mwanza, natafiti saratani ya seli bapa za ngozi kwa watu wenye ualbino. Nimepokea vichupa viwili vya elafini ya binadamu (protini inayozuia baadhi ya vimeng'enya) iliyozalishwa ndani ya bakteria, kila kimoja mikrogramu 50 za unga mkavu. Vilifika barafu ikiwa imeyeyuka yote. Nilifungua kimoja, nikakiyeyusha kwenye bafa yenye DTT kama tunavyofanya kwa kathepsini, kisha nikapima kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo kwenye friji. Tripsini ikaendelea na kazi kana kwamba sijaongeza kitu. Nidai vichupa vingine?
Msomaji, Nyamagana

JIBU: Marahaba. Usidai bado, na hicho cha pili usikifungue kabla hujamaliza kusoma hapa. Kati ya yote uliyoyataja, joto la njiani ndilo ninalolitilia shaka kidogo kabisa.

Elafini ni protini ndogo sana: asidi amino 57, uzito wa takriban daltoni 6,000, na umbo lake limeshikiliwa na vifungo vinne vya disulfidi. Kwa wingi huo wa vifungo kwenye mwili mdogo namna hiyo, inastahimili asidi na joto kuliko protini nyingi unazozijua. Unga mkavu uliopoteza baridi safarini bado una nafasi nzuri ya kuwa mzima. Ila DTT kazi yake ni kuvunja vifungo hivyohivyo. Kathepsini B na L zinaihitaji kwa sababu ni vimeng'enya vya sisteini, bila hiyo hazifanyi kazi ipasavyo. Elastasi, ambayo ndiyo elafini huizuia, ni kimeng'enya cha serini na haina haja nayo. Kichupa cha kwanza, basi, kiweke kando. Usijenge matokeo yoyote juu yake.

Hata bila DTT, tripsini isingekupa jibu. Elafini inazuia elastasi ya neutrofili (aina ya seli nyeupe za damu), protinasi 3 na elastasi ya kongosho la nguruwe. Tripsini haimo, wala kathepsini G. Tripsini hutafuta asidi amino za lisini au ajinini ili ikate, ilhali mahali elafini inapomnasia adui wake pana alanini. Anayetupa wavu wa dagaa akakosa sangara hana sababu ya kuulaumu wavu.

Tafuta elastasi ya neutrofili, au ya kongosho la nguruwe kama bajeti inabana. Mashine ya kusomea ELISA inakutosha mradi ina kichujio cha nanomita 405: substreti (kitu kinachokatwa na kimeng'enya) ya MeOSuc-AAPV-pNA ikikatwa hutoa rangi ya njano inayosomeka hapo, ingawa elastasi ya nguruwe huikata polepole zaidi. Bafa iwe Tris ya pH 7.5, chumvi ya kutosha (mola 0.5 ni sawa), na sabuni ya maabara kidogo, Brij au Triton, kwa sababu elafini iliyozimuliwa sana hung'ang'ania kuta za plastiki, ukadhani haifanyi kazi kumbe haimo kwenye kimiminika.

Kichupa cha pili kizungushe kwanza kwenye sentrifuji kwa muda mfupi, maana unga hupenda kukaa kwenye kifuniko. Kiyeyushe kwa kimiminika kilichotajwa kwenye cheti chake. Ukitumia mikrolita 500 utapata karibu mikromola 17. Gawa mafungu madogo, kila moja la matumizi ya mara moja, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi, kuganda na kuyeyuka ndiko kunakoumiza protini iliyokwisha kuyeyushwa.

Sasa fika kwenye jambo ninalotaka ulishike kwa nguvu: usihesabu kwa mikrogramu. Molekuli moja ya elafini hufunga molekuli moja ya elastasi, lakini uzito wao haulingani hata kidogo. Mikrogramu moja ya elafini ni pikomoli 167 hivi. Mikrogramu moja ya elastasi, yenye daltoni kama 29,000, ni pikomoli 34. Na namba ya kwenye lebo inakwambia protini ni kiasi gani, haikwambii iliyojikunja sawasawa ni kiasi gani. Bakteria wanaweza kuitengeneza yote ikawa na uzito sahihi, lakini vifungo vikaungana mahali pasipo pake.

Kwa hiyo fanya taitresheni. Elastasi iwe kiasi kilekile, tuseme nanomola 100. Ongeza elafini kidogokidogo, subiri dakika 15 hadi 30, ndipo uweke substreti. Chora kazi iliyobaki dhidi ya uwiano wa moli. Mstari ukigusa sifuri kwenye uwiano wa 1, vizuri. Ukigusa kwenye 2, huenda nusu tu ya elafini yako ndiyo hai. Ukigusa chini ya 1, angalia elastasi, nayo si lazima iwe hai yote.

Ukija kwenye sampuli za wagonjwa, nakusihi uwe mwangalifu zaidi. Wengi hufika Hospitali ya Bugando uvimbe ukiwa umeshakuwa kidonda. Kidonda kimejaa neutrofili, na neutrofili ndizo zinazobeba elastasi. Ngozi nayo huongeza elafini inapojeruhiwa, kama inavyofanya kwenye soriasisi. Bila kutenganisha uvimbe wenye kidonda na usio na kidonda utakuwa umepima jeraha ukaliita saratani. Wala usianze na dhana kwamba elafini ni adui wa saratani kila mahali: hupungua kwenye seli nyingi za saratani ya matiti, lakini kwenye saratani ya ovari wingi wake umehusishwa na hali mbaya zaidi. Na kama unapima elastasi hai, tishu isisagwe na PMSF, kizuizi cha vimeng'enya vya serini, itaiua kabla hujaanza.

Kwa kidhibiti hasi, yaani elafini iliyouawa ya kulinganishia, usichemshe elafini ukadhani umeiua. Inaweza kubaki hai. Vunja vifungo vyake kwa DTT, vizuie visiungane tena kwa ayodoasetamidi, kisha ondoa kemikali hizo kwa dayalisisi. Mfuko wa dayalisisi uwe wa daltoni 2,000 au chini yake, kwani ule wa 10,000 ulioko kwenye maabara nyingi utaimwaga elafini yote nje.