Skrini ikizimika kwenye 120 Hz, usikimbilie kununua kebo

Msomaji mmoja ameniandikia: skrini yake ya 4K imetulia kwenye 60 Hz, yaani picha 60 kwa sekunde, lakini akipandisha hadi 120 Hz inazima na kuwaka. Ameambiwa anunue kebo nyingine. Amenunua, na tatizo liko palepale.

Jibu hilo linaniuma mpaka leo. Mimi nami nilipeleka taarifa ya hitilafu kwa watengenezaji wa draiva, programu inayoendesha kadi ya picha, wakaifunga kwa neno moja: kebo. Kebo yangu ilikuwa nzima. Nilirudisha toleo la zamani la draiva bila kugusa kitu kingine, picha ikatulia. Nikaweka jipya, ikazima. Nikaendelea kugawa katikati matoleo yaliyokuwa baina yao, nusu kwa nusu, hadi nikalifikia badiliko lenyewe lililoleta balaa. Taarifa ikafunguliwa upya na marekebisho yakaingia. Najivunia kazi ile, na sioni haya kulisema.

Kwa hiyo ndugu yangu, piga hesabu kwanza. Picha ya 4K kwa 120 Hz, biti 8 kwa kila rangi, inahitaji karibu gigabiti 24 kwa sekunde, bado nyongeza ndogo za kati ya fremu. DisplayPort 1.4, kiunganishi cha kompyuta na skrini, ina njia nne za data, kila moja gigabiti 8.1, ukiondoa kinacholiwa na usimbaji (biti za ziada za kulinda mawimbi), zinabaki 25.92. Zinatosha kwa kubanana. Kila unapochomeka, draiva na skrini hupimana kasi. Zikishindwana hapo, hushuka hadi gigabiti 5.4 kwa njia, yaani 17.28 za kutumia, na 120 Hz haiingii tena bila DSC, mbinu ya kubana data ya picha. Lakini 60 Hz itaendelea kung'aa kama kawaida! Watu wanaona picha, wanasema draiva ni nzima. Picha kuonekana haithibitishi chochote.

Doki za USB-C, vile visanduku vya kuongeza milango ya kompyuta, nazo zina mambo yake. Nyingi huzipa data za USB 3 njia mbili kati ya zile nne, skrini ikabakiwa na nusu. Jaribu bila doki kabla hujamlaumu yeyote.

Halafu badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Nasisitiza, kimoja. Laza kompyuta, iamshe. Chomoa kebo, chomeka tena. Zima skrini yenyewe, iwashe. Mimi hitilafu yangu niliikamata baada ya kuamsha kompyuta, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amejaribu.

Ukiwa kwenye Linux, washa kerneli (kiini cha mfumo) na drm.debug=0x104, kisha soma dmesg, kumbukumbu za kerneli: humo utaona kasi na idadi ya njia zilizokubaliwa. Watumie watengenezaji wa draiva kumbukumbu hizo pamoja na toleo la mwisho lililofanya kazi na la kwanza lililokataa. Nami nitumie nakala, nitaisoma yote.