Mwalimu mlezi wa darasa la awali anakufundisha nini hasa? Uzoefu wangu kwa anayekwenda BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni)

Mkuu nimesoma swali lako. Uko mwaka wa pili stashahada ya ualimu wa awali, BTP imekaribia, na waliokutangulia wamekwambia usitegemee kitu kwa mwalimu mlezi, yule wa shuleni anayekuongoza, atakusainia maandalio ya masomo afu atakuachia darasa aende zake. Unauliza kama kuna mtu aliwahi kupata mlezi wa kweli na alijifunza nini kwake. Mimi nilimpata, na ngoja niandike kwa kirefu maana ualimu ninaofanya mpaka leo msingi wake ni yule mama.

Kwanza mazingira uyajue. Shule ya msingi ya serikali, kijijini huko mkoa wa Shinyanga, darasa la awali moja, watoto zaidi ya mia, mwalimu mmoja. Mwongozo unasema mwalimu mmoja watoto 25, wote tunaujua na mtihani tumeufanyia, ila tangu elimu bila malipo ianze 2016 wazazi waliitikia kweli kweli na darasa la awali ndio likapokea wimbi la kwanza, vyumba vikabaki vilevile. Kwenye karatasi umri ni miaka mitano, kwenye jamvi unakuta wa minne na wadogo zaidi ya hapo, wamefuatana na dada zao kwasababu nyumbani watu wote wako shamba. Na wengi walikua wanaongea Kisukuma tupu. Mimi natoka Morogoro, Kisukuma nilikua sijui hata salamu.

Siku nimeripoti, nimemwamkia, nimeonyesha barua, nina andalio langu safi limepigwa rula, yeye akaniambia kijana wangu wiki hii chaki usishike, kaa kwenye jamvi na watoto. Kiti kilikuwepo lakini alitaka nikae chini kabisa. Kazi aliyonipa ni moja tu, kila siku nichague mtoto mmoja nimfuate kwa macho tangu anaingia mpaka anaondoka, niandike anachofanya. Watoto wakishaondoka tunakaa chini ya mwarobaini hapo nje na ananiuliza. Yule wa sweta jekundu penseli alishika kwa mkono gani? Uji alimaliza au alimpa mwenzake? Alipokataa kuingia kwenye duara alikua anaangalia wapi? Ukimjibu "mtundu huyu" au "mzito huyu" anakurudisha, anasema hilo umekuja nalo mwenyewe, nambie alichofanya.

Nakwambia ukweli, hiyo wiki ilinipa kitu kikubwa kuliko kozi nzima ya makuzi ya mtoto. Kozi ni nzuri na uisome vizuri, lakini kozi inakueleza mtoto wa miaka mitano kwa jumla, na kwenye jamvi hakuna mtoto wa jumla, kuna huyu ambaye jana hajala na yule ambaye anasikia sikio moja na hakuna mtu aliyewahi kugundua.

Sasa nije kwenye mipito, yaani zile dakika za kutoka shughuli moja kwenda nyingine, na hapa naomba unisome taratibu maana ndio sehemu ambayo hakuna notisi itakupa. Kipindi cha awali ni dakika 20. Chuoni hizo 20 tunazipanga vizuri sana, utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha, tafakuri, hitimisho. Ila nani amekuandalia dakika za kuwaingiza watoto mia kutoka nje, kugawa vizibo vya soda vya kuhesabia, kukusanya vizibo, kunawa, kupanga foleni ya uji? Humo ndimo darasa linavunjika. Yule mama hakua na fimbo darasani, na sauti alikua haipandishi, anaishusha mpaka watoto wenyewe wananyamaza ili wamsikie. Makundi yake yalikua na majina ya matunda, ndizi, embe, papai, nanasi na kuendelea, kila kundi lina kopo lake la vizibo na vijiti, na kiongozi wa kundi anabadilika kila wiki kwahiyo hata yule mwoga zamu yake inafika. Kuingia darasani anaanza wimbo pale mlangoni na wale walio karibu nae, haiti wengine kabisa, wengine wakiusikia wanakuja wenyewe wanaimba, na wimbo haukatwi mpaka wa mwisho amekaa. Wimbo uleule kila siku. Nikamuuliza kwanini habadilishi, akasema mtoto ambaye Kiswahili bado hakijamkaa anahitaji kitu kimoja asubuhi anachokijua mwanzo mpaka mwisho.

Na foleni ya kunawa. Walikua na vibuyu chirizi kadhaa nje, vidumu vya lita tano vimefungwa kamba na kijiti cha kukanyaga, vya kawaida tu. Mimi nilikua naona pale ni pa kunawa basi. Yeye pale alikua na somo zima, watoto wanahesabiana, nani wa kwanza nani wa tatu, wanne wakitoka wangapi wamebaki, anayemmwagia mwenzake anasemeshwa, maji yanayodondoka yanaelekezwa kwenye bustani ya mchicha. Mtaala wa 2016 ambao sisi tulisoma ulikua na umahiri sita, yaani mambo ambayo mtoto anatakiwa ayamudu, kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, stadi za kisanii na dhana za kihisabati, na pale kwenye kibuyu mitano ilikua inatembea kwa wakati mmoja na hakuna chati hata moja. Wewe utakua na mtaala ulioanza 2024 lakini hili halibadiliki, ukienda na kichwa cha kugawa kila umahiri na kipindi chake utapitwa na mengi.

Hapo kwenye kibuyu ndio tulimpata mtoto mmoja ambae kwenye jamvi alikua haongei kabisa. Hata jina lake halisemi. Watu pale shuleni walishamwita bubu. Zamu yangu ya kumfuatilia ilipofika nikaona kitu, akifika kwenye foleni anaongea tena sana, Kisukuma, anawaelekeza wenzie nani akanyage kijiti. Nikampelekea mama mlezi taarifa. Hakunipongeza wala nini, akaniuliza tu, kwahiyo somo lako la namba kesho utalifanyia wapi? Nikalifanyia nje kwenye foleni, siku kadhaa mfululizo. Akahesabu. Kwanza kwa Kisukuma, na mama akaniambia muache, namba anayo tayari, jina lake la Kiswahili litakuja. Asubuhi alikua anamsalimia "mwangaluka" kwanza ndio Kiswahili kinafuata, na mimi nikajifunza kufanya hivohivo, watoto wakawa wananirekebisha matamshi na hiyo peke yake ikawafungua midomo wengi. Kwenye jamvi yule mtoto alichukua muda mrefu zaidi, mpaka naondoka alikua anajibu kwa kunong'ona, na yule mama aliridhika kabisa na kunong'ona.

Kunikabidhi darasa alinikabidhi kwa vipande. Nilianza na wimbo wa kuingia tu. Nilipoumudu akanipa hadithi, baadae kona moja ya ujifunzaji, yaani sehemu ya darasa yenye zana zake, wakati yeye ana zingine, baadae somo zima yeye amekaa chini katikati ya watoto kama mmoja wao. Chuoni tumemsoma mwanasaikolojia Vygotsky, kwamba anachofanya mtoto leo kwa msaada kesho atakifanya mwenyewe, na nilichokiona ni kwamba na mwalimu mwanafunzi anakuzwa vilevile. Na hakuwahi kunikatiza mbele ya watoto hata mara moja. Akiona kundi limeanza kuchemka anaanzisha makofi ya kilo kule alipo, watoto wote wanamgeukia, wanatulia, afu anasema haya tumsikilize mwalimu, ukimuona utasema tulipanga. Maneno yake anayatunza mpaka chini ya mwarobaini, na huko swali lake la kudumu lilikua hili: leo nani hakushiriki, na wewe wakati huo ulikua umesimama wapi? Hilo la kusimama nakuomba ulishike sana. Mwalimu wa awali akiganda mbele ubaoni, wale wa pembeni na wa nyuma wanakua hawana mwalimu.

Pale chini ya andalio kwenye tathmini na maoni usije ukaandika "somo limeeleweka kwa asilimia 80" kama inavoandikwa nchi nzima. Mimi alikua hasaini mpaka nimeandika watoto wawili watatu kwa majina, walifanya nini na kesho naanzia wapi nao.

Msimamizi wa chuo alikuja, akakaa nyuma, akaona somo moja, akajaza fomu, akanishauri kuhusu zana na akawahi shule nyingine. Simlaumu, wanafunzi wake wametapakaa wilaya nzima.

Jambo lingine utakalokutana nalo ni wazazi na madaftari. Alikuja baba mmoja amekasirika, mtoto wa ndugu yake anasoma shule ya kulipia mjini, ana madaftari yamejaa na anafanya mtihani kila mwezi na nafasi anapewa, wa kwake kila siku anarudi na udongo kwenye kucha. Mama mlezi akamwambia karibu baba kaa. Akakaa kwenye jamvi, akaona mwanae anakanda udongo, anaviringisha vijiti vya udongo anaunda herufi a, anaitamka sauti yake, anaifuatisha kwa kidole kwenye mchanga. Mama mlezi akamweleza kwamba vidole vikishapata nguvu penseli haitamtesa mwezi mzima. Baba alibaki mpaka muda wa uji na wiki iliyofuata akatuletea udongo wa mfinyanzi kwenye kiroba. Mimi kwenye hili sina msimamo wa katikati, mtoto wa miaka minne kupewa mtihani na kuambiwa umekua wa 38 ni kumuonea. Awali tunapima kwa kumwangalia anavyofanya kazi zake na kucheza, na ndio maana ile wiki ya kwenye jamvi ilikua na uzito.

Kinachoniuma ni kwamba haya yote yule mama aliyafanya kwa moyo wake tu. Hakuna mafunzo ya ulezi aliyopewa, hakuna posho, hakuna saa iliyotengwa, alikua anakaa na mimi akiwa na mahudhurio ya watoto mia ya kujaza. Wakati mfano upo hapahapa pwani yetu, mpango wa Madrasa wa elimu ya awali wa Mombasa ulioanza miaka ya 80 chini ya Aga Khan Foundation, na miongoni mwa walioanza nao ni mwalimu Bi Swafiya Said, ukaingia Zanzibar na Uganda baadae. Walichukua kina dada na kina mama wa mitaani, wengi hawakua na vyeti vikubwa, wakawafundisha kutumia zana za mazingira yao, na kubwa zaidi mkufunzi alikua anawafuata hukohuko darasani mara kwa mara, anakaa nao, anafanya nao kazi. Vyuo vyetu vikiwaandaa walimu walezi hivo na kuwatambua rasmi hata kwa barua tu, swali lako usingekua na sababu ya kuliuliza.

Sasa ukipangiwa mlezi wa aina ile uliyoambiwa. Rafiki yangu tuliekwenda nae wilaya moja alikabidhiwa darasa siku ya kwanza na mlezi wake akawa anaonekana kwa nadra. Alichofanya alienda kwa mwalimu wa darasa la kwanza, akaomba kukaa darasani kwake saa za mwisho watoto wa awali wakishaondoka, na akawa anamuuliza kitu kimoja kimoja. Ukisema "naomba maoni yako mwalimu" utajibiwa uko vizuri, endelea. Ukisema "mwalimu, kundi la mlangoni linanishinda wakati wa kugawa zana, wewe unagawaje?" hapo mtu anakuonyesha, hata yule ambaye hakua na mpango wa kukusaidia. Na mlezi wako hata kama hakai darasani bado anazijua familia za watoto wale kuliko wewe, muulize habari za watoto, wengi wanafunguka wakiulizwa habari za watoto. Msaidie kujaza fomu zake pia. Na usianze sentensi na "chuoni tunafundishwa hivi."

Uliuliza ubebe nini. Karatasi za manila usinunue nyingi, zinachanika kabla wiki haijaisha, tafuta viroba, vioshe vizuri, chora chati kwa maka peni, hizo utaziacha shuleni zikatumika miaka. Vizibo anza kukusanya leo, ongea na wenye maduka ya soda. Makopo yenye mifuniko, kamba, mbegu za ukwaju na maharage, vitenge vichakavu vya kukalia wale watakaokosa jamvi. Daftari dogo la mfukoni la kuandikia watoto. Viatu vya kuvulika haraka maana muda mwingi utakua chini.

Ukishapangiwa shule niandikie ni mkoa gani. Ikiwa Kanda ya Ziwa nitakupa Kisukuma cha darasani mapema, salamu, njoo, kaa, namba mpaka kumi, uanze nacho siku ya kwanza.