Mwanangu, kuhusu ule uso unaotaka kuufuta

Mwanangu,

Umeniuliza kama uufute uso wa yule mwanamke uliyemchora amesimama dirishani, maana umeurudiarudia na bado haukai sawa. Picha uliyonitumia nimeiangalia, kisha nikaigeuza kichwa chini miguu juu, unanijua. Tatizo nililoliona mimi liko kwenye nyonga.

Goti la kushoto amelikunja, kwa hiyo mguu wa kulia ndio unaobeba mwili. Basi nyonga ya kulia ilipaswa kupanda, bega la kulia lishuke, ubavu wa upande huo ujibane na wa kushoto unyooke. Wewe umeweka mabega na nyonga sambamba kama rafu mbili za kabati. Chukua uzi ufunge kitu kizito, ushushe timazi kutoka kile kishimo kilicho chini ya koo. Mtu aliyesimamia mguu mmoja, uzi huangukia karibu na kifundo cha ndani cha mguu huo. Wa kwako unaangukia katikati, pasipo na kitu. Huyo mama anaanguka, na anayeanguka huwezi kumpa uso uliotulia. Nimelisema hili tangu ulipokuwa ukichora kwa chaki sakafuni na babu yako akifuta nyuma yako: uzito kwanza, sura baadaye.

Ile picha ya shangazi yako iliyoko sebuleni, uso wake wa kwanza hukuwahi kuuona. Mwalimu wangu alipita nyuma yangu, akachovya kitambaa kwenye tapentaini, ile dawa ya kuyeyushia rangi, akaupangusa wote, akaenda zake bila kusema neno. Pembe ya mdomo ilikuwa imekaa, ile ya shangazi yako akiwa anajizuia kucheka. Mpaka leo linaniuma. Nyonga ya shangazi yako nami nilikuwa nimeikosea, hapo alikuwa sahihi, sikatai, na uso wa pili ndio mnaousifu nyote. Lakini kitambaa kilikuwa changu, na uso ulikuwa wangu.

Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote, fanya alivyofanya mchoraji Matisse mwaka 1935 alipochora yule mwanamke wa waridi aliyejinyoosha. Alikata karatasi za rangi, akazibandika kwa pini juu ya kanvasi, akazisogeza mpaka kiungo kikapata mahali pake, na picha za kamera 22 za hatua hizo zikabaki. Kata karatasi yenye umbo la nyonga na paja, iwe na rangi ya ngozi uliyotumia, uibandike rangi ikishakauka. Ipandishe upande wa kulia kidogo kidogo. Halafu ndipo uutazame uso tena.

Utanijibu kwamba hata mchoraji Rembrandt alibadili kichwa, na ni kweli: eksirei ya picha yake ya Bathsheba ya mwaka 1654 inaonyesha kichwa kilikuwa kimeinuka zaidi, kisha akakiinamisha. Hapo umenishika. Ila yeye alibadili mkao wa kichwa. Wewe unabadili kope.

Ukiamua kufuta, angalia hali ya rangi. Ikiwa mbichi, kitambaa kinatosha. Ikiwa imekauka, usipake juu juu: kwangua kwanza kwa kisu matuta ya brashi, la sivyo yataonekana chini ya shavu jipya kila taa ikipiga kwa ubavu. Na rangi ya mafuta huzidi kupenyeza mwanga kadiri inavyozeeka, kwa hiyo mdomo wa zamani uliofunikwa kwa tabaka jembamba unaweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu mengi zaidi. Ukigeuza mpangilio huo, la juu litakauka kabla ya la chini kutulia, lipasuke.

Jambo jingine, hukuniuliza: mbona ngozi yake imepauka kama imepakwa majivu? Umeichanganya kahawia na nyeupe ukadhani huo ndio mwanga. Ngozi nyeusi iliyo karibu na dirisha hung'aa kwa ubaridi wa anga. Pale juu ya bega weka ubuluu kidogo ndani ya nyeupe, mguso mmoja wa brashi, uuache. Sehemu inayopakana na kivuli iwe na wekundu wa udongo. Na kanvasi usiianze ikiwa nyeupe tupu. Ipake kwanza kahawia nyepesi iliyozimuliwa kwa tapentaini, maana juu ya nyeupe kila rangi ya ngozi huonekana nyeusi mno, ukaogopa, ukaongeza nyeupe tena.

Sasa, ufute au usifute? Jibu ninalo, na kulinyamazia kunanitaabisha kuliko unavyodhani, lakini sitashika kitambaa cha mtu. Bandika karatasi kwanza, kisha unitumie picha nyingine. Safari hii simama mbele yake sawasawa. Ile ya kwanza uliipiga kwa pembeni, mng'ao umefunika bega lote la kushoto.

Mama yako