iPhone 15 Pro Max au Galaxy S24 Ultra: tazama kwanza laini zako

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba unauza nguo kupitia Instagram na WhatsApp hapa Dar es Salaam, kwamba una laini mbili za kupokelea malipo, na kwamba umekwama kati ya iPhone 15 Pro Max na Samsung Galaxy S24 Ultra, ambazo bei zake zimeshuka baada ya matoleo mapya kutoka. Ninazo zote mbili, ya kwanza kwa ajili ya kazi na ya pili kwa shughuli zangu binafsi, na kwa mahitaji uliyoyataja ningechukua Galaxy. Wengi watakubishia kwa habari za prosesa, lakini kwa kasi hakuna shughuli ya mfanyabiashara wa kawaida itakayoilemea mojawapo.

Mimi naanzia kwenye laini. Galaxy S24 Ultra ya soko la kimataifa, yenye namba ya modeli SM-S928B, inapokea laini mbili za kadi na inakubali eSIM pia, yaani laini ya kidijitali isiyo na kadi. iPhone 15 Pro Max ya kimataifa, A3106, inapokea kadi moja tu, na laini ya pili ni lazima iwe eSIM. Ile ya soko la Marekani, A2849, haina kabisa sehemu ya kuweka kadi, kwa hiyo laini zako zote zitalazimika kuhamia kwenye eSIM. Mfumo huo wenyewe hauna ubaya. Hata hivyo, simu ikiishiwa chaji au ikivunjika kioo huku mteja akisubiri kulipia, kadi ya kawaida unaichomoa na kuiweka kwenye kiswaswadu chochote kilicho karibu, ukapokea hela na kuangalia salio, ilhali eSIM itakutaka uihamishie kwenye simu nyingine inayoikubali, na mara nyingi hilo humaanisha safari ya dukani kwa mtandao husika.

Kuna na adha ndogo ya kila siku. Unapopiga *150*00# kwa ajili ya M-Pesa na baadaye *150*01# kwa ajili ya Mixx by Yas, Galaxy inaweza kukuwekea vitufe viwili vya kupigia, kimoja kwa kila laini, ukabonyeza unachokitaka. Kwenye iPhone unapaswa kuchagua laini kabla ya kupiga, na anayefanya miamala mingi kwa siku ataihisi tofauti hiyo. Kuhusu WhatsApp usihangaike: hata kwenye iPhone unaweza kuweka WhatsApp ya kawaida pamoja na WhatsApp Business, kila moja na namba yake.

Kwenye kamera ndipo ninaposita kidogo, kwa sababu nguo huuzwa kwa macho. Video ya iPhone naipenda zaidi: mwanga na rangi havirukiruki ninaposogea kutoka ndani ya duka kwenda barazani, na ninaweza kuipandisha ilivyo bila kuihariri. Kama biashara yako inategemea video kuliko picha, hoja hii peke yake inaweza kukupeleka upande wa pili, na sitakulaumu. Kwa picha za kawaida, Galaxy inatosha na kubaki; kamera yake kuu ya megapikseli 200 kwa kawaida hutoa picha za megapikseli 12, basi usinunue kwa ajili ya namba hiyo. Kilichonifaa mimi ni kalamu yake, S Pen, ambayo kitufe chake hupiga picha ukiwa mbali. Anayevaa nguo zake mwenyewe na kujipiga picha hahitaji msaidizi, na kwenye toleo lililofuata, S25 Ultra, uwezo huo umeondolewa.

Juani Galaxy inashinda waziwazi, hasa kwa sababu kioo chake cha Gorilla Armor hupunguza mng'ao unaorudi machoni. Ukibandika protekta ya bei ya chini, faida hiyo inapotea. Galaxy ni nzito zaidi, gramu 232 dhidi ya 221, na pembe zake huchoma kiganja. Zote mbili huchajiwa kwa USB-C, na betri zake hufika jioni.

Kwenye kuuza tena, iPhone ina soko jepesi zaidi Kariakoo, na mnunuzi atakuuliza asilimia ya afya ya betri kabla ya kuuliza kitu kingine. Samsung nayo imeahidi masasisho ya mfumo kwa miaka 7 tangu Januari 2024, jambo linalomfaa anayekusudia kukaa na simu muda mrefu.

Kwa kuwa bei unayoitaja inaelekea kuwa ya simu iliyokwisha kutumika, hakikisha namba ya modeli kwenye mipangilio kabla ya kutoa fedha, weka laini zako zote mbili na upige simu kwa kila moja. Ikiwa ni iPhone, muuzaji aondoe akaunti yake ya iCloud mbele yako, kisha bonyeza *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na uitume kwa SMS kwenda 15090 uone kama jina la simu litakalorudi ndilo uliloliona kwenye boksi.