Pikipiki ya magurudumu matatu inayotangatanga baada ya kubadilishwa vifaa: nianzie wapi?

SWALI: Ndugu fundi, ninamiliki pikipiki ya magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma, ya aina isiyolala katika kona, nami huifanyia matengenezo mwenyewe nyumbani. Katika miezi ya karibuni nimefunga sanduku la mizigo nyuma, taa mbili za ziada, vipasha joto vya mishikio ya usukani, pamoja na spika na kikuza sauti chake. Vilevile tairi la nyuma la 225/50 R15 lilipokwisha, nilifunga la gari la 215/60 R15 kwa sababu lilikuwa karibu. Tangu hapo pikipiki inatangatanga ikiwa kasi, inaegemea mno upande mmoja katika kona, na taa ya onyo ya mfumo wa uthabiti huwaka na kuzimika. Wenzangu wananishauri ninunue stabilaiza nene zaidi, yaani ile fimbo ya chuma inayounganisha pande mbili za mbele ili chombo kisiegemee mno. Je, nianzie hapo? Na je, oili ya gari inafaa kwa injini yake?

JIBU: Ndugu msomaji, fedha ya stabilaiza iweke kwanza. Umefanya mabadiliko manne au matano kwa mfululizo bila kupima lolote katikati, na sasa dalili zimechanganyikana kiasi kwamba kifaa cha sita kitazificha tu. Ushauri wangu ni kuirudisha pikipiki karibu na hali yake ya kiwandani, kisha kurejesha kila kifaa kimoja kimoja huku ukiijaribu. Tuanze na tairi, kwa kuwa ndilo ninaloliona kuwa chanzo cha mawili kati ya malalamiko yako matatu.

Namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi zinatosha kutuonyesha tatizo. Tairi la 225/50 R15 lina kimo cha ubavu cha nusu ya milimita 225, yaani milimita 112.5, ukiongeza kimo hicho mara mbili juu ya rimu ya inchi 15, ambayo ni milimita 381, unapata kipenyo cha milimita 606. La 215/60 R15 lina ubavu wa asilimia 60 ya milimita 215, yaani milimita 129, na kipenyo chake kinafika milimita 639. Tofauti ni zaidi kidogo ya asilimia 5. Kwa macho ni ndogo, lakini kompyuta ya pikipiki haitazami tairi. Inahesabu mizunguko ya kila gurudumu kupitia sensa zake na kuilinganisha. Ukiwa katika mwendo halisi wa kilomita 100 kwa saa, sensa za mbele zinasema 100 na ya nyuma inasema takriban 95. Katika lugha ya mfumo wa uthabiti na wa breki zisizofunga (ABS), gurudumu linalozunguka polepole kuliko wenzake ni gurudumu linaloanza kukwama. Mfumo unavumilia tofauti ndogo, kwa kuwa matairi huchakaa na upepo hupungua, lakini wewe umeupeleka ukingoni mwa uvumilivu wake, na ndiyo maana taa inawaka na kuzimika badala ya kuwaka moja kwa moja.

Tairi hilo lina athari ya pili ambayo wengi hawaifikirii. Limeinua nyuma ya pikipiki kwa nusu ya tofauti ya vipenyo, yaani milimita 16 hivi. Nyuma ikiinuka, pikipiki nzima inainama mbele, na pembe ambayo mhimili wa usukani hulalia nyuma inapungua. Pembe hiyo ndiyo inayofanya magurudumu ya mbele yajirudishe yenyewe kuelekea mbele. Kwa pikipiki yenye urefu wa mita 1.7 kati ya ekseli na ekseli, milimita 16 ni zaidi kidogo ya nusu ya digrii. Peke yake isingekutisha, lakini ukiijumlisha na uzito ulioufunga nyuma, ambao unapunguza mzigo juu ya magurudumu ya mbele, unapata usukani mwepesi usiotulia.

Kwa hiyo rudisha kipimo cha 225/50 R15. Sisemi kwamba tairi la gari ni kosa. Katika pikipiki isiyolala, uso bapa wa tairi la namna hiyo unakaa vizuri barabarani, na wamiliki wengi wa aina hii hulitumia. Sharti ni kipimo kilekile na uwezo wa kubeba uzito usiopungua ule wa awali. Upepo wa matairi ya mbele na ya nyuma hautakuwa sawa, na kiasi chake kimeandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki. Kwa kuwa tairi la gari ni gumu kuliko la asili, litazame baada ya kilomita elfu moja au mbili: likilika katikati tu, upepo umezidi. Neno hili lisichukuliwe na wenye pikipiki za magurudumu matatu zinazolala kona, kama Piaggio MP3 au Yamaha Niken. Hizo zinahitaji tairi la pikipiki lenye uso wa mviringo, na kuzifunga tairi bapa ni hatari.

Ukishafunga tairi, kazi inayofuata ni mkanda wa kuendeshea gurudumu la nyuma, si usukani. Sababu ni kwamba alaimenti ya mbele, yaani mwelekeo wa magurudumu ya mbele, hupimwa kwa kulinganishwa na gurudumu la nyuma, na ulipolifungua gurudumu hilo huenda uliirudisha ekseli ikiwa imepinda kidogo. Inua pikipiki kwa jeki kwenye sehemu za fremu zilizoelekezwa katika kitabu cha mmiliki, kamwe isiwe chini ya karteri ya oili (bakuli la oili chini ya injini), kisha itegemeze kwa stendi imara. Jeki ni chombo cha kuinulia, haitoshi kushikilia pikipiki wakati mikono yako iko chini yake. Zungusha gurudumu kwa mkono na uangalie ukingo wa mkanda unavyokaa kwenye puli. Ukiusugua ukuta wa puli upande mmoja, ekseli haijanyooka. Skrubu za kurekebishia zizungushwe kidogo kidogo, robo mzunguko kwa wakati, na nati ya ekseli ikazwe kwa spana yenye kipimo cha nguvu, kisha ukague upya, kwa sababu kule kukaza kwenyewe huweza kuusogeza mkanda. Usiuvute mkanda ukakakamaa kama uzi wa gitaa. Mkanda uliokazwa kupita kiasi hutetemesha pikipiki katika mwendo fulani na kuua beringi za puli mapema. Na usiuzungushe kwa injini huku umeinamia hapo: vidole vikinaswa kati ya mkanda na puli havina pa kutokea.

Sasa alaimenti, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote anazoweza kuzifanya mmiliki nyumbani kwa gharama ya uzi na rula. Kabla ya kupima, shika kila gurudumu la mbele likiwa juu na ulitikise kwa kulivuta na kulisukuma. Likicheza, kuna tairodi (fimbo inayogeuza gurudumu), boljointi (kiungo cha mviringo kinachoshika gurudumu) au beringi iliyochoka, na hakuna alaimenti itakayodumu mpaka ibadilishwe. Kisha iweke pikipiki kwenye sakafu tambarare, upepo wa matairi ukiwa sahihi, usukani umenyooshwa na kufungwa kwa mikanda usisogee, na mtu wa uzito kama wako ameketi juu yake, kwa sababu shokapu zikishuka pembe za magurudumu hubadilika. Tandaza nyuzi mbili ndefu, moja kila upande, kwa usawa wa kitovu cha gurudumu, zikiwa sambamba na gurudumu la nyuma: umbali kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu ya nyuma uwe sawasawa na umbali hadi ukingo wake wa nyuma. Nyuzi hizo zikipita nje ya magurudumu ya mbele, pima umbali hadi ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma wa kila rimu. Katika rimu ya inchi 15, tofauti ya milimita 1 ni takriban digrii 0.15, kwa hiyo pima mara tatu, isukume pikipiki mbele na nyuma kati ya vipimo, na usiamini kipimo ambacho hakikujirudia.

Utakachotafuta ni magurudumu yaliyo karibu kabisa na unyoofu, yakielekeana ndani kidogo mbele kwa kiasi kilichotajwa katika kitabu cha matengenezo. Yakitazama nje, pikipiki hutangatanga namna unavyoeleza na matairi hulika ukingo wa ndani. Yakielekeana mno, hulika ukingo wa nje na usukani huwa mzito. Marekebisho hufanywa kwenye tairodi. Hapa kuna jambo linalowaponyoka hata mafundi wa magari. Unaweza kuyapanga magurudumu vizuri yenyewe kwa yenyewe, lakini mishikio ya usukani ikabaki imepinda unapokwenda moja kwa moja. Sensa ya pembe ya usukani itaiambia kompyuta kwamba unakata kona, ilhali sensa ya mzunguko wa chombo inasema unakwenda sawa, na taa ya onyo itarudi ingawa tairi ni sahihi. Basi, mishikio iwe katikati kamili ndipo kila gurudumu lipangwe dhidi ya uzi wake. Ikiwa baada ya yote hayo taa haizimiki, sensa inahitaji kusawazishwa kwa kifaa cha uchunguzi, na hapo mpelekee mwenye kifaa, kubahatisha hakusaidii.

Sanduku la mizigo nalo lina hesabu yake. Katika pikipiki ya magurudumu mawili mbele, mistari ya kupindukia, yaani ile ambayo chombo hupindukia juu yake, inaanzia chini ya gurudumu la nyuma hadi chini ya kila gurudumu la mbele, umbo la pembetatu. Kadiri kitovu cha uzito kinavyosogea nyuma, kinaingia katika sehemu nyembamba ya pembetatu hiyo. Tuchukue mfano wa pikipiki na mpanda wake wenye jumla ya kilo 500, urefu wa mita 1.7, upana wa mita 1.3 kati ya magurudumu ya mbele, kitovu cha uzito kikiwa mita 1 mbele ya ekseli ya nyuma na mita 0.6 kutoka ardhini. Ongeza sanduku la kilo 30 lililo sentimita 20 nyuma ya ekseli, kwa kimo cha sentimita 90. Uzito umeongezeka kwa asilimia 6 tu, lakini nguvu ya kona ambayo chombo kinaweza kuistahimili kabla ya gurudumu la ndani kuinuka imepungua kwa zaidi ya asilimia 9. Kilo hizo hizo zingewekwa mbele na chini, zingekuwa na athari ndogo sana.

Ndiyo maana nilikuzuia usianze na stabilaiza. Katika gari, stabilaiza nene hugawa upya mzigo kati ya mbele na nyuma. Katika pikipiki yako gurudumu moja la nyuma haliwezi kuzuia kuegemea kwa upande, kwa hiyo mbele inabeba kazi hiyo yote, iwe stabilaiza ni nene au nyembamba. Iliyo nene itapunguza kiwango cha kuegemea, na utahisi pikipiki imetulia na inaitikia usukani haraka; ni kifaa kizuri, na baada ya kumaliza hayo ya juu sina kipingamizi nacho. Lakini kasi ya kona ambayo kwayo gurudumu la ndani huanza kuinuka haibadiliki kwa kiasi cha kutegemewa. Anayeifunga ili abebe sanduku zito zaidi amejiondolea dalili iliyokuwa inamwonya.

Umeme nitaueleza kwa ufupi, kwa kuwa hukusema kama betri inakusumbua. Taa mbili za wati 20, vipasha joto vya wati 40 na kikuza sauti cha wati 100 ni wati 180. Kwa volti 13.5, hiyo ni zaidi ya ampea 13. Ikiwa uliunganisha chochote kati ya hivyo kwenye nyaya za taa kubwa, kiondoe leo. Kompyuta hupima mkondo wa nyaya hizo, na nyaya zenyewe hazikukusudiwa kubeba mzigo huo. Vuta waya mmoja mnene kutoka betri, wa milimita za mraba 4, wenye fyuzi ya ampea 20 karibu kabisa na tamino, uufikishe kwenye rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayoamshwa na swichi ya ufunguo, na kutoka hapo kila kifaa kiwe na fyuzi yake ndogo. Kisha pima kwa multimita: betri iliyolala usiku kucha isipungue volti 12.6, na injini ikiwa juu ya mwendo wa silensi (mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta), vifaa vyote vikiwashwa, isome zaidi ya 13.5. Ikiwa iko chini ya hapo altaneta, yaani kifaa kinachozalisha umeme, imezidiwa, na volti ikianguka kompyuta huwasha taa za onyo zisizohusiana kabisa na kilichoharibika.

Kuhusu oili, inategemea klachi. Ikiwa klachi ya pikipiki yako inaogelea katika oili ya injini, tumia oili yenye alama ya JASO MA au MA2, viwango vya Kijapani vya oili za pikipiki zenye klachi ya namna hiyo, na uzito (kiwango cha wepesi wa kutiririka) uliotajwa kitabuni. Oili nyingi za gari zina viungo vya kupunguza msuguano ambavyo huifanya klachi kuteleza. Pia angalia kitabu kinataka kipimo kichukuliwe injini ikiwa ya moto au baridi, kwani katika injini zenye tangi la oili la pembeni, kijiti husoma chini injini ikiwa imepoa, na wengi hujaza kupita kiasi kwa kudhani imepungua.