Kinundu cha mfupa juu ya goti: kabla hujaanza kulia, piga eksirei kwanza

Juzi saa tano usiku nikaletewa meseji na mama mmoja wa Kahama. "Dada samahani kwa usumbufu, mwanangu ana miaka 12 ameota kitu kigumu juu ya goti, kuna mtu kaniambia inaweza kuwa kansa, nifanyeje?" Na picha juu. Jamani, nilikaa kitandani nikaiangalia ile picha mpaka simu ikazima, maana lile goti lilikuwa langu kabisa, goti langu la mwaka 2004.

Nilikuwa na miaka 13, bweni, Korogwe. Nilikiona nikiwa naoga, upande wa ndani juu kidogo ya goti la kulia, kigumu kama kokwa la embe, hakiumi, hakisogei ukikisukuma. Nikanyamaza. Wenzangu ndo hawakunyamaza, maana sketi ya netiboli ni fupi, ndani ya wiki mbili nikawa naitwa Magoti Matatu. Mpaka leo kuna mtu nikikutana naye sokoni ananiita hivyo anacheka, na mimi nacheka naye lakini moyoni hapana, sijasamehe.

Likizo nikamwonyesha shangazi. Si mnatujua, sisi kila kitu ni kuchua. Akaitwa bibi mchuaji, mafuta ya nazi ya moto, asubuhi na jioni, ananikandamiza kile kitu kama anasukuma chapati eti "kirudi ndani". Baada ya siku kumi kikavimba, kikawa chekundu, kinauma hata nikilala. Ndo baba akanipeleka hospitali, na pale aliyekuwa zamu akakigusa, akauliza kimekua haraka? Baba akasema ndiyo, wiki hii. Basi yule bwana, bila picha, bila kipimo hata kimoja, akasema hii ni kansa ya mfupa, jiandaeni mguu kukatwa. Akayasema hayo mimi nimekaa palepale!

Baba yangu akauza kiwanja. Mnaelewa lakini? Kiwanja chake kimoja alichokuwa nacho mjini, akakiuza kwa bei ya kutupa tukapanda basi kwenda Dar.

Ya basi na foleni nawarukishia. Daktari wa mifupa tuliyempata Dar, mzee mmoja mpole, akatuma eksirei kabla hata hajanigusa sana. Akaishika dirishani akamwita baba: njoo uone. Akasema hiki si kitu kigeni kilichoingia mwilini, ni mfupa wake mwenyewe umetoa tawi, ona ganda la nje la mfupa linavyopanda mpaka kwenye tawi bila kukatika, na uboho wa ndani umeingia humohumo, halafu ona kilivyoelekea, kimeliacha goti kinatazama juu. Ukiona hivyo kwenye picha, mara nyingi jibu limeshapatikana. Kinaitwa osteokondroma. Ndo kinundu cha mfupa kisicho saratani kinachoonekana kuliko vyote, kinaanzia karibu na pale mfupa wa mtoto unapokulia, hasa kwenye goti na bega, na mwili ukiacha kurefuka na chenyewe kinaacha.

Baba akauliza, mbona kilikua kwa wiki moja? Mzee akacheka kidogo. Juu ya kinundu huwa kunatokea kifuko cha majimaji, kikisuguliwa kinavimba. Yani kilichovimba ni kile kifuko, na aliyekivimbisha ni mchuaji! Kiwanja kimeenda kwa ajili ya mafuta ya nazi.

Akanipapasa mikono, mbavu, bega, miguu yote miwili, akamuuliza baba kama ukoo wetu kuna mwenye vinundu vingi. Wapo watu wanaota vingi, na hiyo inarithiwa, mzazi akiwa nayo kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuipata, na hao hatari ya kugeuka saratani kwao ni kubwa zaidi. Mimi nilikuwa nacho kimoja tu. Kwa kimoja, wanaogeukiwa ni kama mtu 1 kati ya 100, au hata chini ya hapo. Akasema rudi nyumbani, ucheze, tutakiangalia.

Nikacheza netiboli miaka minne na kinundu changu na tulichukua kombe la wilaya, niandike hilo maana hakuna anayelikumbuka.

Mwaka 2015 kikaanza kunisumbua, nikipanda ngazi kano inakwama juu yake halafu inaruka, tak! Mtu mzima kinundu kikianza kuuma hakiachwi, nikapigwa MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, wapime kofia ya gegedu (ule mfupa laini kama wa sikio) iliyo juu yake. Gegedu halionekani vizuri kwenye eksirei, ndo maana ukikishika unakiona kikubwa kuliko cha kwenye picha. Kwa mtu mzima kofia ikizidi unene wa sentimita 2 wanaingiwa na wasiwasi wa saratani, yangu ilikuwa milimita 4. Wakakitoa chote na kofia yake, kikaenda maabara, jibu likarudi safi. Kovu ninalo na sketi fupi navaa.

Sasa wazazi nisikilizeni. Msichue. Kitu kigumu kwenye mfupa wa mtoto hakichuliwi, hakichanjwi chale, hakifungwi majani, kinapigwa picha. Hela aliyolipwa bibi mchuaji ingelipa eksirei na chenji ikabaki. Na wewe unayesema "mwandishi kasema siyo kansa" ukakaa nyumbani, sijasema hivyo, saratani ya mfupa ya kweli nayo inapenda watoto na inapenda hapohapo kwenye goti, kwa mkono huwezi kuzitofautisha, hata daktari hawezi. Kama kinamuuma usiku akiwa amelala, kama kinakua upesi, kama mguu unakufa ganzi, kama mtu alishaacha kurefuka na chenyewe bado kinaongezeka, wahi leo leo. Na wahudumu wetu, kabla hujalitamka lile neno mbele ya mtoto, tuma picha kwanza. Picha tu. Mnasikia?

Mama wa Kahama amenijibu jana, eksirei ni Alhamisi. Nikamwambia mtoto apumzike mpira mpaka majibu yatoke, na akamwambie shangazi mtu aweke mafuta chini. Akaniandikia: "Dada umejuaje kama ni shangazi?"